Nilivyoziandaa nyasi za nyumbani kabla ya joto la kiangazi

Majira ya kuchipua yanapoelekea ukingoni, nyasi za aina inayopenda ubaridi hukua kwa kasi kubwa, na mwenye nyumba hushawishika kuzikata fupi kabisa ili apate nafasi ya kupumzika. Nyasi zangu ni za aina hiyo, na kwa kuwa hudhoofika joto linapozidi, kazi yote ya kipindi hicho niliielekeza kwenye lengo moja: mizizi yake ishuke chini vya kutosha kabla jua halijawa kali.

Nilianza na mashine ya kukatia. Nilipandisha kisu chake hadi sentimita 8, nikajiwekea sharti la kutoondoa zaidi ya theluthi moja ya urefu wa nyasi kila ninapokata, hivyo zilipofika sentimita 12 sikuzingoja zaidi. Jani ndilo linaloutengenezea mmea chakula. Likipunguzwa mno kwa mara moja, mmea hutumia akiba yake kuotesha majani mapya na mizizi hubaki mifupi. Faida nyingine, ambayo mimi naithamini zaidi, ni kwamba nyasi ndefu huufunika udongo kwa kivuli, na magugu mengi ya kiangazi hushindwa kuota pasipo mwanga na joto. Kisu nilikinoa vizuri, kwa sababu kisu butu hulichana jani badala ya kulikata, ncha zikakauka na magonjwa yakapata pa kuingilia. Majani yaliyokatwa niliyaacha palepale yaoze na kuurudishia udongo naitrojeni.

Umwagiliaji ndio uliohitaji uangalifu mkubwa. Maji kidogo ya kila siku huizoesha mizizi kukaa juu, mahali panapokauka kwanza, kwa hiyo nilichagua kumwagilia mara chache lakini kwa wingi, nikilenga jumla ya takriban sentimita 2.5 kwa wiki pamoja na mvua. Ili nijue kinyunyizio kinatoa kiasi gani, nilitawanya makopo matupu yenye kuta zilizonyooka, nikaangalia ni muda gani yanachukua kufikia kina hicho. Makopo hayohayo yalinionyesha pia sehemu ambazo maji hayakuwa yakifika. Nilimwagilia alfajiri, wakati maji yanayopotea hewani ni machache na majani hupata mchana mzima wa kukauka, maana unyevu unaolala juu ya majani usiku kucha hukaribisha kuvu.

Mbolea nyingi ya naitrojeni niliikataa katika kipindi hicho, kwa kuwa huchochea majani laini yenye kiu wakati joto limekaribia.

Kwenye matuta ya maua nilitandaza matandazo ya magome kwa unene wa sentimita 5 hadi 8, nikiyaweka mbali kidogo na mashina ili yasioze. Vichaka vilivyochanua mapema nilivipogoa mara tu maua yalipopukutika, kwani machipukizi ya maua ya mwaka unaofuata hujitengeneza kuanzia kiangazi, na anayechelewa huyakata pamoja na matawi.

Joto lilipofika, sehemu kubwa ilibaki kijani. Ukanda ulio kandokando ya ukuta ulibadilika kuwa kahawia, nami niliupa maji kidogo tu ya kuuhifadhi uhai wa mashina, kwa sababu nyasi hizi hulala wakati wa ukame na huchipua tena ubaridi unaporejea.