Unataka Jibu au Unataka la Kuandika?

Juzi mwanangu amerudi na kazi ya shule, akaniuliza huku anachonga penseli: "Mama, mkuu wa kaya yetu ni nani?" Baba yake, aliyekuwa anasaka rimoti chini ya mito ya kochi, akawa kimya ghafla. Nikamwambia mtoto aandike "baba", mwalimu apate anachokitaka, maana mchuzi wangu ulikuwa unaungua. Usiku usingizi ukagoma. Nikajikuta Pangani.

Mwaka wa tatu chuoni, mafunzo ya utafiti. Kichwani tulikuwa tumemeza Murdock mzima, yule mwanaanthropolojia wa Marekani, na kitabu chake cha 1949 juu ya jamii 250: familia ni watu wanaoishi pamoja, wanaoshirikiana kiuchumi na kuzaa. Parsons naye, mwanasosholojia wa Marekani, tulikuwa naye: baba hutoka kutafuta, mama hubaki kutuliza nyoyo. Tukapewa madodoso, tukatawanywa vijijini. Kaya tuliitambua kwa chungu, wanaokula pamoja ni wamoja. Mstari wa kwanza wa dodoso ulikuwa wa 01, mkuu wa kaya, na waliobaki wote waliandikwa kwa uhusiano wao naye: mke wa 01, mtoto wa 01, mama mkwe wa 01. Ukimkosa 01, kaya nzima imepinda.

Mwenyekiti wa kitongoji ndiye aliyenifikisha pale. Mtu mwema sana, na bila yeye nisingevuka hata baraza. Mama mwenye nyumba alikuwa uani, amekalia mbuzi, anakuna nazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, vuta kigoda."

Mwenyekiti naye akavuta chake. Nikauliza mkuu wa kaya nani. "Mume wangu," akasema bila kuinua uso. Mwenyekiti akaitika kwa kichwa. Nani huamua watoto wasome wapi? Mume wangu. Nani huamua nazi ziuzwe lini? Mume wangu. Nikawa nateremka na kalamu, 01, 01, 01, dodoso safi ambalo msimamizi angelipenda.

Ikaadhiniwa adhuhuri. Mwenyekiti akainuka, akasema anakwenda kuswali, atanikuta hapo hapo. Yule mama akamsindikiza kwa macho mpaka alipopotea nyuma ya minazi. Akageuza kifuu mkononi, akakuna kidogo, akaacha kukuna.

"Sasa, mwanangu. Unataka jibu au unataka la kuandika?"

Sikuwa na la kusema. Mwongozo wetu ulifundisha kurudia swali kama lilivyoandikwa, kwa sauti ile ile, na kutotoa maoni. Swali la kuulizwa mimi halikuwemo.

Akanieleza, mkono ukiendelea na kazi. Mume yuko Tanga mjini kwa mke mwingine, huku huja Idi na misibani. Minazi ni yake yeye mama, ameachiwa na marehemu baba yake. Ada za watoto zinatoka kwenye minazi hiyo na kwenye mikeka anayosuka usiku. Hakuwa analia wala kulalamika. Alisema kama anayenihesabia nazi za kupeleka sokoni. Kisha akanigeuzia.

"Kwenu Kilimanjaro, 01 nani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka, alikuwa anangoja. Ikabidi nifikiri. Baba alifanya kazi Dar, akaja Krismasi. Kahawa ilikuwa ya baba, hata kadi ya chama cha ushirika ilikuwa na jina lake, lakini aliyekuwa akipalilia, kuchuma na kubeba debe kichwani ni mama. Ndizi zilikuwa za mama, nasi tulikula ndizi. Mbele ya wazee wa ukoo mama hakufungua mdomo. Nikamweleza yote hayo, mtafiti mzima, dodoso limelala magotini.

"Basi umeona," akasema.

Nikamuuliza kama nibadilishe ile 01. Akashtuka kidogo. "Acha lile la kwanza. Ukiandika mimi, watasema nimeachika, na nina binti anangoja posa. Hili nimekupa wewe."

Mwenyekiti akarudi. Tukamalizia maswali ya bati, sakafu na maji. Nikala wali wa nazi pale pale, nikaondoka na dodoso likiwa na mume wake juu. Data ziliingizwa kwenye kompyuta, ripoti ikaandikwa, nikapata alama nzuri tu. Baadaye nilikuja kusoma makala ya 1981 ya Ann Oakley, mwanasosholojia wa Uingereza, kwamba akina mama aliowahoji walimrudishia maswali, naye akaona haiwezekani kuyakwepa kama vitabu vya mbinu vilivyotaka. Nilimpenda papo hapo. Ila Oakley hakuwa na mwenyekiti aliyekwenda kuswali, wala sidhani ana jibu la lile lililobaki kwangu: jambo ulilopewa wewe, si dodoso, unalifanyia nini? Hapa nimelisema, bila jina la mtu. Sina hakika kama ningekutana naye leo angenikaribisha kigoda.

Sensa ya 2012 ilionyesha takriban theluthi moja ya kaya za Tanzania zinaongozwa na wanawake. Kila nikiiona hiyo theluthi naiongezea nyumba moja ya Pangani, halafu naitoa, kwa kuwa mwenyewe alikataa. Ya mama yangu kule Rombo ndiyo sijui niiweke upande gani.