Huko Kuogesha Wazee Mnakokudharau

Wiki iliyopita ndugu yangu mmoja aliandika kwenye kundi la ukoo kwamba sisi wauguzi tuliokuja Uingereza tumeitupa taaluma Nairobi tukaja kuogesha wazee. Maneno yale yaliniuma, na kwa kuwa vijana wengi wanaojiandaa kuja wanaiona kazi hii vivyo hivyo, nimeona niyajibu kwa kirefu.

Wengi ninaowahudumia wana ugonjwa wa Parkinson. Chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia kuuamuru mwili ujongee, hufa kidogo kidogo, mwili ukabaki kutetemeka, kukakamaa na kuchelewa kutii. Dawa kuu ni levodopa, nayo haina subira. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayoweka viwango vya matibabu, unataka mgonjwa aliye hospitalini au katika makao ya wazee aipate ndani ya dakika 30 za saa aliyoandikiwa. Mgonjwa wangu mmoja huimeza saa moja asubuhi, saa tano, saa tisa alasiri na saa moja jioni; ikichelewa, mtu aliyefunga vifungo vya shati lake mwenyewe hushindwa hata kujigeuza kitandani. Ninyi mliosomea kwenye wodi zetu mnajua jinsi toroli ya dawa inavyoanzia kitanda cha kwanza. Mimi huanza na huyu aliye kitanda cha mwisho, na atakayenuna na anune. Tena humpa kabla ya kifungua kinywa, kwa sababu protini nyingi huizuia dawa kufyonzwa vizuri. Akitapika, sithubutu kumpa metoklopramidi, ile Plasil tuliyozoea kumchoma kila anayetapika, kwa kuwa huziba kazi ya dopamini na kumzidishia ugonjwa.

Asubuhi moja mzee huyo aliganda mlangoni mwa bafu, nyayo zimeng'ang'ania sakafu. Ukimvuta mkono, unamwangusha. Nililaza fimbo sakafuni mbele ya vidole vyake, nikamwomba aivuke. Akainua mguu, akapita. Ubongo uliokataa kutembea hukubali kuvuka kitu unachokiona, na hilo halijui mtu aliyekuja kuosha tu.

Kumlisha nako kuna elimu yake. Koo limedhoofika, kwa hiyo chai yake huongezwa unga wa kuifanya nzito kwa kipimo alichoagiza mtaalamu wa kumeza. Huketi wima, nami humsubiri ameze kijiko kimoja kabla ya kingine, maana chai ikiingia mapafuni huleta nimonia. Na huko kuogesha kwenyewe ndiko ninakoona wekundu kwenye nyonga kabla haujawa kidonda, na bega lililokakamaa kuliko jana. Nyumbani mambo haya huachiwa binti wa mwisho, bila mtu wa kumfundisha, na vidonge hununuliwa mfukoni mwezi ukiruhusu. Kwangu hiyo ndiyo aibu yenyewe.

Kwa wanaonuia kuja: tangu tarehe 22 Julai 2025 Uingereza haitoi tena viza kwa wahudumu wapya wa wazee wanaoajiriwa kutoka nje, hivyo wakala anayekudai pesa leo kwa ahadi hiyo anakuibia. Muuguzi aliyesajiliwa bado ana njia kupitia NMC, baraza linalosajili wauguzi na wakunga huku: mtihani wa Kiingereza, mtihani wa kompyuta unaoweza kuufanyia katika kituo cha mitihani huko Kenya, kisha ule wa vitendo huku. Mkisoma, msiiruke sura ya mishipa ya fahamu.