Neno Lililofutwa

Jana jioni tawi la chama chetu cha wafanyakazi lilichagua katibu mpya, mama ambaye wengi wetu tulimfahamu kwanza kwa mambo ya mtaani, kwa kuwa ndiye aliyewaandikia wapangaji barua za malalamiko kila maji yalipokatwa. Sifa hiyo ndiyo iliyompa kura, na nakiri kwamba ndiyo iliyonitia wasiwasi, maana nimewahi kumwona mtetezi wa mtaa akiingia chamani na kuendelea kuwatetea majirani zake tu.

Usiku nilimfikiria Makhan Singh, mtetezi wa wafanyakazi katika Kenya ya kikoloni. Alifika Nairobi mwaka 1927 akiwa kijana wa miaka 13 kutoka Punjab, mtoto wa seremala aliyekuja kufungua kiwanda cha uchapaji, na humo ndimo alimofanya kazi baada ya kumaliza shule, huku akitunga mashairi kwa Kipunjabi. Alikuwa mtu wa jamii yake hasa. Machi 1935 alichaguliwa katibu wa chama ambacho, kwa jina na kwa wanachama, kilikuwa cha Wahindi. Haukupita muda mrefu neno hilo likaondolewa katika jina, na mfanyakazi wa rangi yoyote akaruhusiwa kujiunga. Katika koloni ambamo hata mshahara ulipangwa kwa rangi ya mtu, hilo halikuwa jambo la uhariri. Mgomo wa chama hicho wa mwaka 1937, uliodumu siku 62, ulileta nyongeza ya mishahara. Alikamatwa Mei 1950, wiki chache baada ya kudai uhuru wa Afrika Mashariki hadharani katika ukumbi wa Kaloleni, na hakuachiliwa hadi Oktoba 1961.

Nilimkumbuka kwa sababu ya daftari. Mara tu baada ya kuapishwa, katibu wetu alilifungua daftari la wanachama, ambalo juu ya kila ukurasa limeandikwa "Wafanyakazi wa Kudumu", akaazima kalamu, akayakata maneno mawili ya mwisho. Vibarua watatu waliokuwa wamesimama mlangoni walitazamana. Mweka hazina, ambaye hapendi mambo ya ghafla, aliuliza ada yao itakatwa wapi ilhali hawamo katika orodha ya mishahara, swali la haki kabisa, na hakuna aliyekuwa na jibu. Mimi nilisogea kwenye benchi, mmoja wao akaketi.