Si wangu huyo, anapitaga tu

Uliza mtaa wowote wa Mwanza mbwa huyu ni wa nani, jibu ni hilo hilo: "Si wangu huyo dokta, anapitaga tu." Anapita, halafu analala mlangoni pako mwaka wa nne. Anapita, na sahani yake ya bati ipo chini ya mwembe. Mimi nina miaka kumi na moja kwenye kazi ya mifugo na mbwa wa kupita kweli kweli sijamwona bado. Hata wale wa mwaloni wanaokula mapanki, yaani mifupa ya sangara iliyokwishatolewa minofu, na kulala kivulini mwa mitumbwi, kaa nao asubuhi mbili tu, utamkuta mama muuza uji anawamwagia ukoko na kuwaita mmoja mmoja kwa jina.

(Na mimi si dokta. Nina stashahada ya chuo cha mifugo, LITA Mabuki, ni afisa mifugo. Nilishaacha kusahihisha watu, inakula muda wa chanjo.)

Kuna jambo la mwaka wangu wa pili kazini ambalo sijawahi kuliandika. Halmashauri siitaji, wala mtaa. Mtoto aling'atwa, wananchi wakaja juu, ikatoka amri kwamba mbwa wote wanaozurura wauawe. Gari la kipaza sauti lilipita siku moja kutangaza kila mtu afunge mbwa wake. Afunge kwa nini, nani ana mnyororo? Alfajiri ya siku ya tatu tulitoka watu wanne: mwenye bunduki, mgambo wawili, na mimi na daftari. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu.

Wa tisa kwenye daftari alikuwa jike la rangi ya majivu. Alikuja mwenyewe, mkia unacheza. Alipoanguka ndipo nikaona kitambaa chekundu shingoni. Kile kitambaa nilikifunga mimi wiki tano nyuma, uwanjani shuleni, baada ya kumchanja. Fundo langu nalijua, nafunga kama mtu anayefunga ndama. Wakati mgambo wanamburuta akatokea mvulana wa miaka kama tisa na kamba ya katani mkononi. Alitumwa akamfunge, ndiyo kwanza kamba imepatikana. Hakulia. Aliniangalia mimi, akasema, "Si ulisema akichanjwa hafi?"

Nilimjibu kitu, sikumbuki nini.

Kilichonikera zaidi ni hesabu ya kazi yenyewe. Kichaa cha mbwa kinahitaji mbwa wa kukipokea. Ukichanja saba katika kila kumi, ugonjwa unakosa pa kurukia, unakatika wenyewe. Ukiua, mapanki yanabaki pale pale, jalala linabaki pale pale, na haipiti miezi mingi mbwa wa mitaa ya jirani wamehamia, hakuna anayejua nani kachanjwa. Tena bunduki haichagui vizuri. Waliokimbia walikuwa wale wakali wasioshikika, ambao hata sindano hatukuwahi kuwachoma. Waliosogea ni wale waliozoea watoto, yaani wale wale waliopangiwa foleni siku ya chanjo. Tulitumia asubuhi nzima kuua chanjo yetu wenyewe.

Kuna mvuvi wa Kayenze alinipigia simu siku moja anataka nimwazime koleo refu. Ya nini? Mbwa amekwamwa na mwiba wa sangara kooni, hafungi mdomo, hamezi, mate yanachuruzika, na sauti imebadilika kama ya jogoo mwenye mafua. Nikamwambia usimguse. Akasema, "Nishaingiza mkono mara mbili, mwiba siuoni."

Watu wanakijua kichaa cha mbwa anayekimbia hovyo na kung'ata kila kitu mpaka magurudumu. Cha kimya hawakijui. Taya linalegea, mbwa anatulia pembeni, anatazama tu, na sisi watu wa ziwani tukiona mdomo wazi akili inaenda moja kwa moja kwenye mwiba.

Nilifika kwa bodaboda. Vidole vyake vilikuwa na michubuko ya nyavu, mvuvi gani hana? Nikaomba kipande cha sabuni na ndoo mbili. Mke wake akawa anamwagia kwa kopo, maji yatiririke, yasikae kwenye beseni, na mimi nimeshika simu nahesabu dakika 15. Dakika ya sita akaanza kujitoa. "Dada, kwani nimeng'atwa?" Nikamweleza kwamba mate yakiingia kwenye mchubuko hayaulizi kama kulikuwa na jino, na kwamba dalili zikishaanza kwa mtu hakuna daktari wa kumrudisha, lakini sasa hivi, kabla hazijaanza, sindano zinamwokoa. Ya kwanza leo leo, ya pili siku ya 3, ya tatu siku ya 7, na akiambiwa kuna nyingine baada ya hapo aende.

Kituo cha kwanza chanjo ilikuwa imeisha. Cha pili walikuwa nayo, kwa pesa ambayo hakuwa nayo. Akakopa kwa tajiri wa mtumbwi, akakatwa kwenye mgawo wiki nne. Mbwa alikufa siku ya tatu, kichwa nikakipeleka maabara kwenye ndoo ya barafu ya samaki, majibu yakaja kama nilivyoogopa. Yeye yupo mzima, ananiuzia sato kwa bei ya shemeji.

Siku ile nilimuuliza mbwa ni wa nani, nijaze fomu. Akasema anapitaga tu. Sasa nani anaingiza mkono mpaka kiwiko kwenye koo la mbwa anayepita?

Halafu likaja lile ziwa. Mwaka 2020 mvua hazikukata, na kufika Mei maji ya Ziwa Victoria yalikuwa yamevuka kimo cha 1964, ambacho wazee wa kando ya ziwa walikuwa wakitusimulia kama hadithi. Mimi nilipangwa kwenye kikosi cha kata kwa sababu walihitaji mtu wa kuangalia mizoga. Orodha ya mahitaji ilikuwa na magodoro, maharage, dawa za kutibu maji. Nyasi hakuna aliyeandika. Kamba ya kufungia mbuzi hakuna aliyeandika.

Tukafika kwa mayu mmoja, bibi wa Kisukuma, maji ya magoti ndani ya nyumba. Yeye amekaa juu ya kitanda, mbuzi watano wako juu ya kitanda hicho hicho, na mbwa yuko juu ya meza. Vijana wa mtumbwi wakamwambia watu kwanza. Akawatazama kwa utaratibu, akasema, "Basi na mimi niandikeni mbuzi."

Hatukumtoa siku hiyo. Tulirudi bila yeye, na usiku kucha nilisikia mvua kwenye bati langu. Baadaye nilikuja kusoma kwamba Wamarekani walipigwa na hili hili. Kimbunga Katrina, 2005, kuna watu waligoma kutoka majumbani kwa sababu waokoaji walikataa mbwa na paka, na mwaka uliofuata ikatungwa sheria kwamba mipango ya maafa iwahesabu na wanyama wa nyumbani. Kumbe mayu wetu alikuwa anaongea kitaalamu.

Kesho yake nilienda na mtumbwi wa kuazima na kamba zangu mwenyewe. Mbuzi ukimfunga miguu minne pamoja na kumlaza ubavu kwenye mtumbwi, anahangaika dakika moja kisha anatulia, ila usimlaze muda mrefu, tumbo litajaa gesi. Mbwa hakutaka kufungwa. Mayu akamwita, "Watajiju! Njoo hapa," na mbwa akaruka ndani nusura atuzamishe. Ndiyo, jina lake Watajiju. Nikacheka mpaka kasia likaniponyoka.

Jumamosi iliyopita tulikuwa tunachanja Igombe. Deli la barafu chini ya mti, chanjo isipande juu ya nyuzijoto 8, watoto foleni, kila mmoja na mbwa wake kwenye kamba, waya wa simu, hata mkanda wa suruali ya baba. Mbwa mkorofi namvisha kitanzi cha bandeji puani, nakivusha chini ya taya, nafunga nyuma ya masikio, mtoto anambana kwa magoti. Mililita moja chini ya ngozi, kitambaa shingoni. Siku hizi natumia cha bluu.

Akapita mzee mmoja na baiskeli, nyuma yake mbwa wa kahawia, hatua mbili, hatua mbili. Nikamsimamisha. "Shikamoo baba. Mbwa wako kachanjwa?"

"Marahaba. Si wangu huyo, ananifuataga tu."

"Sawa. Basi cheti niandike jina langu?"

Akaegesha baiskeli. Akamtazama mbwa, mbwa naye akaketi.

"Andika Popi," akasema. "Ila masikio usimshike, hapendi."