Siku moja maishani mwangu: mratibu wa modeli ya jengo

Saa 12 asubuhi. Kazi yangu ni modeli, mchoro wa jengo lote kwenye kompyuta unaounganisha michoro ya kila fundi. Mafundi wakiniona na tableti huuliza leo nacheza gemu gani. Waulize tena jioni. Kesho tunamimina slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa.

Naanza na slabu ya chini, iliyokwisha kumiminwa, yenye vihisi joto viwili vilivyofungwa kwenye nondo: kimoja katikati, kingine kwenye kona inayopigwa na upepo. Kona hupoa haraka na zege lake huchelewa kukomaa, kwa hiyo ndiyo inayoamua mbao zinazoshikilia zege zishuke lini. Programu hukokotoa nguvu ya zege kutokana na joto na muda, lakini kwa mchanganyiko uleule uliopimwa maabara tu. Badilisha saruji kimyakimya, na namba kwenye skrini ni uongo mtupu. Grafu naituma kwa injinia wa miundo. Idhini ni yake.

Saa 1 na nusu, skana ya leza juu ya mbao za slabu ya kesho. Kwa wastani zimeshuka milimita 10 chini ya levo. Kidogo? Kwenye mita za mraba 300 hizo ni mita za ujazo 3 za zege. Kwa kilo 350 za saruji kwa kila mita ya ujazo, unazika zaidi ya tani moja ya saruji isiyobeba chochote. Jeki zinapandishwa, napima tena.

Saa 3 hadi saa 5, kuweka alama za matundu yatakayoachwa kwenye slabu. Mashine ya kupimia haisimami juu ya mbao, maana zinatikisika kila mtu akipita na nondo.

Halafu mtu wa dakti, mifereji ya bati ya kupitishia hewa baridi. Faili lake la kwanza linafunguka, dakti ziko kilomita kadhaa nje ya jengo: ametumia sifuri yake ya vipimo badala ya nukta ya rejea tuliyokubaliana. Kulivuta kwa mkono sikubali, kwani faili lijalo litahama tena. La pili limekaa mahali pake. “Injinia, ripoti yangu haina mgongano hata mmoja.” Kweli, kwa sababu amechora bati tupu! Kati ya bati na boriti kuna milimita 30, na sponji ya kuzuia joto inayofunika bati ina unene wa 50. “Fundi ataibana tu.” Sponji ikibanwa inapoteza kazi yake, bati la baridi linatoa jasho, dari inalowa. Tukishusha dakti, tunagonga trei ya nyaya. Inabaki kuifanya bapa zaidi: kutoka 500 kwa 400 hadi 700 kwa 300, msuguano wa hewa ukibaki karibu uleule. Analalamika kwamba bati litaongezeka kwa karibu asilimia 11. Analalamika kwa muda mrefu sana.

Mchana umeshapita, chakula sijakiona. Dakti ileile inapanda kupitia slabu ya kesho, na tundu nililoweka alama asubuhi ni 650 kwa 550. Sasa linatakiwa 850 kwa 450, pamoja na sponji na nafasi ya 25 kila upande. Nondo za kuzunguka tundu zinahama pia, na injinia wa miundo anajibu jua likizama.

Tableti ya fomani bado inaonyesha faili la jana, haikupata mtandao. Nalifuta, napakua jipya mbele yake, tunapanda na rangi nyekundu kuikata alama ya zamani kabla seremala hajapigilia boksi la mbao la kuacha tundu.