Jinsi tulivyotenganisha njia za mawasiliano za mradi wetu wa programu huria

Programu yetu, ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote, hurekodi uzito wa samaki mialoni, yaani sehemu za ufukweni wanakoshushwa. Watumiaji wako Kirumba na Ukerewe, waandishi wa msimbo Nyegezi, kote mkoani Mwanza, na wote walikuwa kwenye kundi moja la WhatsApp. Ripoti ya hitilafu ya asubuhi, kufika jioni ilikuwa imezikwa chini ya salamu na picha.

Tulianza na hitilafu: zote zilihamia GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo na kufuatilia hitilafu zake. Kwenye folda ya .github/ISSUE_TEMPLATE tuliweka fomu ya Kiswahili inayouliza toleo la programu, aina ya simu, hatua zilizofuatwa, kilichotarajiwa na kilichotokea. Asiye na akaunti humweleza msimamizi wa zamu, naye hujaza kwa niaba yake. Zamu hii ni muhimu kuliko fomu yenyewe. Isipokuwepo, watu wa mwaloni hunyamaza.

Majadiliano yakaenda Telegram, kwenye kundi lenye mada tatu: Msaada, Msimbo, Tafsiri. Hakikisha wanachama wapya wanaona historia, la sivyo maswali yaleyale hurudi. Usiongeze mada mapema, maana mada tupu huvunja moyo wageni.

WhatsApp ilibaki ya matangazo, wasimamizi pekee wakituma. Kuifuta kungewapoteza wavuvi wanaonunua vifurushi vya WhatsApp tu.

Uamuzi wowote wa Telegram hauhesabiki mpaka uandikwe GitHub. Mapengo ya usalama hayapiti huko hadharani: faili la SECURITY.md linataja barua pepe inayosomwa na wasimamizi pekee.