Nilivyoufuata urithi wa ardhi ya Laxton, kuanzia Toki hadi Everingham

Nimefanikiwa kuwaunganisha walioshika ardhi ya Laxton, kijiji cha Nottinghamshire huko Uingereza, tangu kabla ya 1066, mwaka Wanormani walipoiteka Uingereza, hadi karne ya 13, bila pengo. Naandika kwa sababu ushauri wanaopewa wanaotafuta wamiliki wa zamani, wa "fuata jina la ukoo", unapoteza watu wengi.

Domesday, daftari la mfalme la ardhi la 1086, haisumbui. Toki, aliyeishika Laxton kabla ya 1066, kaondolewa, ardhi anayo Geoffrey Alselin, na chini yake yuko Walter. Thamani imeshuka toka pauni 9 hadi 6. Karukati 2 zilizotajwa msizigeuze ekari: ni kipimo cha kodi, kila moja ikiwa na sehemu 8 ziitwazo bovati. Nao wanakijiji 22 ni wenye kaya, si idadi ya watu wote.

Ugumu unaanzia hapo. Mali ya Alselin iligawanywa. Sehemu ikaenda kwa ukoo wa Bardolf, Laxton ikaangukia kwa ukoo wa Caux, ambao makarani huwaandika pia Calz au Cauz. Anayetafuta jina anakwama. Mimi niliacha jina, nikafuata cheo. Ulinzi wa msitu wa kifalme wa Sherwood ulirithiwa na ukoo huohuo ulioshika Laxton, na mrithi hakukabidhiwa mpaka aahidi malipo kwa mfalme. Hazina ya mfalme haikusahau deni, ililiandika! Kwa njia hiyo nikampata Matilda de Caux, kisha mwanawe John de Birkin, kisha Thomas mwana wa John, kisha dada yake Thomas, Isabel de Birkin, aliyeolewa na Robert de Everingham. Mara mbili urithi umepitia kwa mwanamke, na mara zote mbili jina la ukoo likabadilika.

Kuanzia Everingham, tumieni hati za uchunguzi wa mirathi zilizoko Kew, London, kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa: bwana akifa, wenyeji waliapishwa waseme alishika nini, kwa huduma gani, na mrithi wake ana umri gani. Muhtasari uliochapishwa unatosha kuanzia. Nakala za hati zenyewe zitawatoa pesa. Angalieni tarehe: hati huhesabu miaka ya utawala wa mfalme. Mwaka wa 12 wa Edward I unaanza 20 Novemba 1283, kwa hiyo hati ya Januari ya mwaka huo wa 12 ni ya 1284.

Ramani ya Laxton aliyochora Mark Pierce 1635 ni nzuri mno kwa majina ya mashamba. Ila msiitumie kumwonyesha mkulima wa 1300 alilima ukanda upi, yaani kipande kipi chembamba cha shamba, maana kanda zilikuwa zimeshabadilishwa mikono mara nyingi.